Somo la Sushi kwa Mkwe

Kila siku lazima atokee mtu avute kiti, autazame mkanda unavyopitisha sahani, kisha aniulize kama samaki ni mbichi. Namwambia ndiyo, ni mbichi. Ananiuliza kama nina uhakika. Sasa hapo mtu anataka nimjibu nini? Kazi yangu katika mgahawa wetu wa Al Jaddaf ndiyo hiyo, kuwapokea wageni wa mara ya kwanza, kuwaeleza sushi ni kitu gani na kuwazuia wasile wasabi, ile pilipili kali ya kijani, kwa kijiko. Nilipewa kazi hiyo na msimamizi wetu, Mohannad, siku aliyonisikia nikimgombeza mgeni aliyekuwa anachovya wali kwenye mchuzi wa soya mpaka tonge likabomoka. Mohannad alikuja mbio akidhani nitamwomba mgeni msamaha. Akamkuta mgeni ndiye ananiomba mimi. Tangu hapo wageni wapya wote ni wangu.

Mgahawa wenyewe ni wa mkanda. Sahani ndogo ndogo zinatoka jikoni zikiwa juu ya mkanda, zinazunguka kaunta ndefu ya duara, na kila mgeni anajichukulia anayoipenda. Katikati ya duara kumepandwa mianzi ya plastiki, minene kiasi kwamba aliyekaa upande huu anaona paji la uso tu la aliyekaa upande wa pili. Mohannad anasema mianzi inaleta utulivu. Mimi ninayeifuta vumbi nina maoni tofauti.

Kwa hiyo mama yangu alipopiga simu kutoka Bukoba kusema anakuja Dubai kununua mzigo wa duka lake, nilijua papo hapo nitamkutanisha wapi na Erisa.

Erisa ndiye mwanamume ninayetaka anioe. Ni Mganda wa Masaka, mlinzi katika jengo hilo hilo ambalo mgahawa wetu uko chini yake. Ni mrefu na mpole, na ana tabia ya kumwambia mtu pole hata pale yeye ndiye aliyekanyagwa. Nampenda na sioni haya kusema. Amekwisha kutamka kwamba anataka kunioa, nami nimekwisha kumjibu, na kilichobaki ni neno la mama. Bila neno la mama mimi siolewi, na mama hatoi neno lake kwa simu. Anataka amwone mtu. Tena alikuwa amekwisha kunikatalia mmoja.

Huyo mmoja alikuwa Elisante, fundi wa viyoyozi, mchangamfu wa kupindukia. Nilikwenda naye nyumbani wakati wa likizo. Mama akapika ndizi na nyama, akatuandalia sebuleni, yeye mwenyewe akaketi jikoni kwenye mkeka wake. Elisante akamfuata huko huko, akamshika mkono, akamvuta mpaka mezani. "Njoo Mama, tule wote, sisi si watu wa zamani!" Akala, akaongeza, akamsifia, akamtilia kipande cha nyama kwenye sahani yake kwa uma ule ule aliokuwa akila nao. Mimi nikawa nacheka, nikajua amekwisha kukubalika. Kesho yake mama akaniambia huyo hapana. Nikamuuliza kwa nini.

"Nimemwona anavyokula," akasema, akaendelea kuchambua maharage.

Mama akishafika kwenye maharage hakuna wa kumtoa. Nililia, nikanuna, nikarudi kazini. Elisante sasa ameoa kwao na picha zake nazipitia bila kinyongo. Lakini lile jibu nililibeba. Nikawaza hivi: Elisante anatafuna mdomo wazi, analamba vidole, anaongea chakula kikiwa shavuni. Kumbe mama ni mtu wa adabu za mezani. Basi huyu wa pili nitamfundisha kula mpaka mama akose pa kumshika.

Nikaanza masomo. Mimi ninaishi Al Qusais, kwenye nyumba ya wafanyakazi, chumba kimoja na Hamida wa Paje, anayefanya usafi katika hoteli. Wanaume hawaruhusiwi kuingia, kwa hiyo tulikuwa tukikutana na Erisa kwenye kibustani karibu na kituo cha metro, siku ambazo zamu zetu zilikubaliana. Mpishi alikuwa ananifungashia ncha za roli, zile zinazokatwa zisipendeze machoni. Hamida alikuwa anakuja kusimamia heshima yangu. Hivyo ndivyo alivyosema. Ukweli alikuwa anakuja kucheka.

"Jambo la kwanza," nikamwambia Erisa, nimefungua kopo juu ya benchi. "Sushi si samaki mbichi. Sushi ni wali. Wali uliotiwa siki, sukari na chumvi kidogo. Samaki ni mgeni tu pale. Akiwepo, sawa. Asipokuwepo, bado ni sushi."

"Kumbe pilau ya watu wavivu," Hamida akasema.

"Wewe nyamaza. Hii inaitwa nigiri. Tonge la wali limebanwa kwa mkono, juu kipande cha samaki. Unaichovya upande wa samaki, si upande wa wali. Halafu unakula yote mara moja, huimegi. Hii unaruhusiwa kutumia mkono."

Uso wa Erisa ukang'aa. "Mkono? Hawa watu ni wazuri."

Akaichukua, akaichovya upande wa samaki, akaiweka yote mdomoni, akafumba macho, akatafuna mdomo umefungwa. Nilitaka kumkumbatia. Nikaendelea. Nikamwonyesha maki, yaani roli lililokunjwa kwa mwani likakatwa vipande. Nikamwonyesha ile ya Kalifonia, ambayo wali uko nje umepakwa ufuta, ndani parachichi na tango, na ambayo ndiyo ninayowaanzishia wageni waoga. Nikamweleza temaki, mwani uliokunjwa mfano wa karatasi ya kuuzia karanga, na gunkani, tonge lililozungushiwa ukuta wa mwani ili mayai ya samaki yasimwagike.

Hamida akauchukua ule mwani, akaunyoosha kwenye mwanga. "Lo! Bibi yangu kalima mwani pwani kwetu mpaka mgongo ukapinda. Akivuna, anauza, wanachukua wazungu kufanyia sabuni. Hata siku moja sijamwona autie mdomoni. Leo miye nije niule Dubai, juu ya benchi?"

"Hulazimishwi."

"Sikusema sili." Akala. Akachukua na kingine. "Lakini nyie mnaokula panzi, kuwafundisha kula samaki mbichi ni kuwasumbua tu. Mmekwisha kuvuka huko."

Hapo mimi na Erisa tulimgeukia kwa pamoja. Senene si panzi. Tulimweleza, kila mtu kwa lafudhi yake, kwamba senene huja na mvua, huchambuliwa mbawa na miguu, hukaangwa kwa mafuta yake mwenyewe, na kwamba Masaka na Bukoba ni mahali pawili tu duniani penye watu wanaojua utamu. Hamida akasema amesikia, na kwamba bado ni panzi.

Kwenye wasabi tulipata ajali. Niligeuka kumjibu Hamida, Erisa akaliona lile donge la kijani, akadhani ni parachichi lililopondwa, akalimeza lote. Machozi yakamtoka, pua ikachuruzika, akasimama, akakaa, akashika mti. Alipopata sauti akasema, "Pole." Sijui alikuwa anampa nani pole. Nikamlisha tangawizi, ile nyembamba ya waridi iliyolowekwa kwenye siki. Nikamweleza kwamba kazi yake ni kusafisha mdomo kati ya samaki mmoja na mwingine, si kuokoa watu.

Siku ya mwisho ya masomo alikuwa ameiva. Vijiti vya kulia alivishika kunizidi mimi. Nikamwambia Ijumaa mama anakuja, atakaa pale, wewe utakaa ubavuni pake, mtakula pamoja. Akaviweka vijiti chini.

"Ubavuni? Paska, mimi naweza kula yote. Hata ile ya kijani nitakula tena. Lakini si na yeye."

"Kwa nini?"

"Huyo ni mama mkwe. Kwetu, mkwe na mama mkwe hawakai kiti kimoja na kingine. Hawashikani mkono. Kula pamoja, banange, kabisa hapana! Ukivunja hiyo, mikono inaanza kutetemeka, haiachi. Jajja wangu alijua mtu moja, alikunywa chai na mama mkwe, kikombe kilimshinda mpaka kaburini."

Nilipandwa na hasira, sifichi. Nimehangaika na mtu, nimembeba kutoka kwenye nigiri mpaka kwenye gunkani, halafu ananiletea habari za babu. "Hapa ni Dubai, Erisa. Mama yangu ni mfanyabiashara, pasipoti yake imejaa mihuri. Ukimkalia mbali atasema una dharau. Mwenzio alikataliwa kwa kula vibaya, wewe unataka ukataliwe kwa kutokula?"

"Wewe Paskazia," Hamida akaingilia, safari hii bila kucheka. "Huyo mama umemuuliza mwenyewe anapenda vipi?"

"Sina haja ya kumuuliza. Ni mama yangu, namjua."

Ukweli ni kwamba nililelewa Mwanza kwa shangazi yangu tangu nikiwa mdogo, na kwa mama nilikuwa ninakwenda likizo tu. Lakini hilo halikunijia pale bustanini. Erisa akanitazama, akashusha pumzi. "Sawa," akasema. "Kama ni kwa ajili yako, nitakaa."

Ijumaa mama akaja kwa metro kutoka Naif, ambako alikuwa amefikia na akinamama wenzake wa biashara. Alikuwa amevaa kitenge chake cha safari, mtandio begani, mkoba kwapani, na hasira alizotiwa na muuza mapazia aliyekataa kumpunguzia bei. Jioni alikuwa anaruka kurudi na mzigo wake. Nilimwomba Mohannad aniache niihudumie familia yangu ile saa ya mchana ambayo wageni huwa wachache. Akakubali, sharti wasikae mpaka usiku na nisiwagombeze.

"Mama, kwenye mkoba umebeba nini?"

"Vitu vyangu."

"Kopo la senene?"

"Mimi sisafiri bila senene, unajua."

"Humu ndani usilitoe. Chakula cha nje hakiruhusiwi, nitafukuzwa kazi."

"Nani kasema nitalitoa?" akasema, akalisogeza kopo ndani zaidi.

Nikamkalisha. Nikamwambia nimemwalika na rafiki yangu, nataka amwone. Akaniuliza rafiki wa namna gani. Nikasema wa namna hiyo hiyo. Akanitazama kidogo, akatengeneza mtandio, akatazama viti vya pande zote mbili, akawa kama anataka kusema jambo. Hapo mlango ukafunguliwa.

Erisa alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama yenyewe. Akaingia hatua chache, akamwona mama, akasimama wima pale pale kana kwamba ndiyo zamu yake inaanza. Nikampungia mkono aje. Akaja kama mbuzi anayepelekwa kuogeshwa dawa. Akachuchumaa nusu, macho sakafuni, akasalimia akiwa mbali. Mama akaitikia huku naye akitazama pembeni. Nikakivuta kiti cha jirani na mama, nikamwonyesha. Akakaa ukingoni, akakisogeza mbali. Nikakirudisha kwa goti. Akakisogeza tena. Nikakirudisha tena, na safari hii nikaacha mguu wangu pale.

Nikaanza kazi yangu. Nilimweleza mama kuhusu wali na siki. Akauonja akasema, "Wali baridi. Wamekosa kuni?" Nikampa tamago, kipande cha mayai kilichokaangwa kwa tabaka tabaka, chenye sukari, kimefungwa juu ya tonge kwa ukanda wa mwani. Akasema hicho kwao hupewa mtu anayetoka hospitali. Nikampa sashimi, nikamweleza kwamba hiyo kwa kweli si sushi, ni vipande vya samaki peke yake, bila wali. Akaikagua juu na chini, akasema samaki huyo wamemtelekeza, wamemnyima moto, na wali nao wamemnyima. Akairudisha taratibu juu ya mkanda, nami nikaikimbilia nikaitoa, maana iliyokwisha kushikwa hairudi. Nikampa inari, ambayo ni mfuko mtamu wa tofu, yaani jibini ya maharage ya soya, iliyokaangwa, ndani wali. Akaila yote. Akala ya pili. Nikajua tumepata.

Nikamgeukia Erisa. Hakuwa amegusa kitu. Nikamkazia macho. Akachukua vijiti, akalenga nigiri ya salmoni iliyokuwa mbele yake. Mkono wake ukaanza kutetemeka.

Si kutetemeka kwa kusema labda ni baridi ya kiyoyozi. Vijiti viligongana, vikawa vinalia. Tonge likapanda nusu, likayumba, salmoni ikateleza, ikaangukia kwenye bakuli la soya, na soya yote ikaruka ikatua kwenye kitenge cha mama.

Nilitamani sakafu inimeze. Erisa akasema pole, na pole, na pole tena, akaificha mikono chini ya mapaja. Mohannad akaniinulia nyusi kutoka kwenye mashine ya malipo. Mama hakutazama kitenge. Alikuwa anatazama pale ilipokuwa mikono ya Erisa.

"Kijana, unaumwa?"

"Hapana, nyabo," akajibu, ndivyo kwao wanavyomwita mama kwa heshima.

"Unaogopa samaki?"

"Hapana, nyabo. Samaki najua yote. Paska alinifundisha."

"Sasa unaogopa nini?"

Nilimwomba Mungu Erisa adanganye. Aseme homa, aseme njaa, aseme chochote. Lakini Erisa hajui kudanganya, na ndiyo sababu nampenda, na ndiyo sababu pale nilitaka kumtupia sahani.

"Naogopa wewe, nyabo," akasema, macho kwenye magoti. "Mimi kukaa hapa ni makosa. Wewe ni mama mkwe, kama utakubali. Sitakiwi kuwa karibu na wewe hivi. Lakini Paska alisema hapa ni Dubai."

Mama alichukua kitambaa, akafuta kitenge pole pole. Akafunga zipu ya mkoba, akauweka kwapani, akasimama, akaondoka.

Wa pili huyu. Wa pili, na sina nguvu ya kutafuta wa tatu, wala simtaki wa tatu. Nikamwinamia Erisa nikamwambia kwa sauti ya chini maneno ambayo sitayarudia hapa, kwamba ameniharibia maisha yeye na jajja wake na kikombe chake. Machozi yalikuwa yananitoka waziwazi, aproni imeingia soya. Yeye alikuwa anasema pole tu. Kisha akaacha kusema pole, akanyoosha kidevu kuelekea kule mbele.

Mama hakuwa ametoka. Alikuwa ameizunguka kaunta yote, amevuta kiti upande wa pili, nyuma ya mianzi. Alikuwa amekaa ubavu, amejifunika mtandio kichwani, amewapa kisogo watu wa upande wetu. Nikamkimbilia.

"Mama, umekasirika?"

"Sana."

"Nisamehe Mama, yeye hakukusudia, ile soya..."

"Nimekasirika na wewe! Umenikalisha na mkwe wangu meza moja, magoti yanagusana, kama watoto wa bweni. Tangu alipoingia natafuta pa kuhamia, wewe umesimama hapo unanieleza mayai. Nani kakulea?"

"Shangazi," nikasema.

"Nitampigia."

Ilinichukua muda kulisikia lile neno. "Mama. Umesema mkwe?"

"Sasa wewe ulitaka nimwite nani?"

"Lakini Elisante alikaa na wewe mezani, ukasema..."

"Elisante alinishika mkono!" Mama akasahau kushusha sauti, na mgeni mmoja akageuka. "Alinitoa jikoni kwangu, akanilisha kwa uma aliokwisha kuulamba. Mawe! Mtu anayetaka kuoa kwangu ananionea haya. Yule hakuwa anaona haya hata kidogo. Nilikwambia nimemwona anavyokula, ukadhani nini?"

Sikumwambia nilidhani nini. Sikumwambia habari za benchi la Al Qusais wala za kutafuna mdomo umefungwa. Mama akatazama sahani ya nigiri iliyokuwa inapita, akaichukua.

"Hii unasema ni tonge la wali, halafu juu wanaweka wanachotaka?"

"Ndiyo, Mama."

Akaiondoa salmoni kwa vidole. Akaitia mdomoni mwake mwenyewe, akatafuna, akameza. Kisha akafungua mkoba, akatoa kopo.

"Mama, nilikwambia..."

"Nishikie mfuniko."

Nikaushika. Akachagua senene wakubwa, wa kahawia, waliokauka vizuri, akawalaza juu ya tonge mmoja mmoja, akawabana kwa kidole gumba wasianguke. Akaipangusa sahani ukingo. Akaiweka juu ya mkanda, kwa mikono miwili, akaiacha iende.

Mkanda wetu hauna haraka. Sahani ilipita mbele ya mwanamke aliyekuwa anapiga picha chakula chake, akaipiga na hiyo. Ikapita mbele ya bwana mmoja wa suti, akanyoosha mkono. Nikaruka, nikamwambia, "Samahani sana sir, hiyo ina mwenyewe," nikaisindikiza pembeni ya mkanda kama askari wa msafara. Pale mkanda unapopinda nikamkuta Mohannad amesimama. Akaichungulia.

"Paska, shu hada? Hicho ni nini?"

"Nigiri, sir."

"Nigiri ya nini?"

Angalau hilo nilijua kulijibu, ndiyo kazi yangu. "Ya mkwe, sir. Haipo kwenye menyu."

Akamtazama mama nyuma ya mianzi, akamtazama Erisa, akanitazama mimi na macho yangu mekundu. Huyu mtu ana dada watano Amman na amewaoza wote. "Mara moja tu," akasema. "Khalas. Na mkanda utausafisha wewe."

Erisa aliiona ikija. Kwanza akadhani macho yanamdanganya, nikaona anavyopepesa. Ilipomfikia, akainuka nusu kutoka kitini.

"Banange," akasema. "Nsenene."

Akatazama kule kwenye mianzi. Hakukuwa na cha kuona zaidi ya ncha ya mtandio. Akaitoa mikono chini ya mapaja, akaitazama, akaipokea sahani kwa yote miwili kama mtu anavyopokea kitu kanisani. Nigiri inaruhusiwa kuliwa kwa mkono. Akaichukua kwa vidole, akaila yote mara moja, mdomo umefungwa. Mkono haukutetemeka hata kidogo.

Alipomaliza machozi yalikuwa yamemlenga, na safari hii hakukuwa na wasabi. Kisha akaanza kuutazama mkanda kwa makini. Aliacha zikapita gunkani, ikapita ya Kalifonia, ikapita tamago. Ilipofika inari, akaihamishia kwenye ile sahani ya mama, akaigeuza mpaka ikakaa vizuri, akairudisha kwenye mkanda na kuinamisha kichwa. Nilishangaa. Muda wote ule nilidhani ameangalia magoti yake tu, kumbe aliona mama alipenda nini.

Mama akaipokea upande wa pili. Akaila taratibu. Akajifuta midomo, akaniita kwa kidole.

"Mwambie ahsante."

Nikazunguka kaunta, nikamwambia Erisa ahsante. Erisa akasema, "Mwambie nyabo, mimi ndiye nashukuru." Nikazunguka nikamwambia mama. Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, ni mianzi ya plastiki ile.

"Mwambie aje Bukoba aonane na kaka yako Gervas, apange naye mambo yote. Mimi sina maneno zaidi."

Nikazunguka. Erisa akasema, "Mwambie, msimu wa mvua, kama Mungu akipenda." Nikazunguka. Miguu ilikuwa inaniuma na sikuwa nimewahi kufurahi namna ile tangu nizaliwe.

"Na mwambie," mama akasema, anafunga kopo, "akija, yeye atakula sebuleni, mimi nitakuwa jikoni kwangu. Asihangaike kunifuata."

"Lakini Mama, kule kwetu hakuna mkanda. Sahani nani atazipeleka?"

Mama akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, akaona aproni, akaona jasho, akaona nilivyokuwa nahema. Akanipa kopo la senene mkononi.

"Wewe," akasema. "Haya, zunguka."